Umejifanyia Nini, Kaggia?

Hotuba iliyotolewa Murang'a, mkesha wa Siku ya Mashujaa

Wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi watoto wa shule mliokaa hapa mbele kwenye mikeka, hamjambo? Mheshimiwa chifu, asante kwa kutufungulia ukumbi huu usiku. Kamati iliniomba nizungumze juu ya mashujaa wetu waliowahi kuwa askari, na jinsi walivyowatumikia watu baada ya kuvua magwanda. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa nizungumze juu ya mmoja tu. Mashujaa wakitajwa kwa mkupuo hupita kama magari ya barabara kuu, unaona rangi na vumbi. Mmoja ukimkalia kitako, utamjua.

Mtu wangu ni Bildad Kaggia.

Naona wazee wawili wametikisa vichwa. Vijana wengi mnamjua kwa swali la mtihani: taja watu sita waliohukumiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu lililopigania ardhi na uhuru. Unaandika Kenyatta, unaandika Ngei, Kubai, Achieng' Oneko, ukijikaza unamkumbuka Kung'u Karumba, halafu unakwama na kutafuna kalamu. Huyo unayekwama kwake ndiye nimekuja naye leo.

Lakini kabla ya Kaggia, naomba nianze na kabuti.

Wenye umri wangu mnalijua kabuti. Koti zito la sufu la jeshi, refu hadi chini ya magoti, rangi ya nyasi iliyokauka. Babu yangu alikuwa nalo. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ikiuma na ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, alilivaa akaenda kukamua ng'ombe. Lilinuka moshi, ugoro na maziwa. Ndani, upande wa moyo, alikuwa ameshona mfuko kwa mkono wake mwenyewe, na katika mfuko huo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imechakaa hata karatasi ikawa vipande vinne vilivyoshikamana kwa nyuzi. Sisi wajukuu tulidhani ni hati ya shamba, kwa jinsi alivyoitunza. Nilipojua kusoma aliniruhusu niifungue. Ilikuwa karatasi ya kuachishwa jeshi: jina lake limekosewa tahajia, namba yake, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na mahali pa kueleza tabia yake mtu alikuwa ameandika kwa wino neno moja: nzuri.

Hati ya shamba hakuwa nayo. Alikufa bila kuipata.

Babu alikuwa Keya. Watoto, Keya ni jina ambalo babu zetu walilipa jeshi la mfalme wa Uingereza huku kwetu, King's African Rifles. Herufi zile tatu, K, A, R, ziliwakaa vibaya mdomoni, wakazigeuza neno lao. Na Kiswahili chao nacho kikaitwa Kikeya, kwa sababu hakikufanana na cha Lamu wala cha Mvita. Kilikuwa kifupi, cha amri na majibu, ngeli zimepigwa shoka. Walimu walikicheka. Mimi sikicheki. Katika kambi moja alilala Mkikuyu kando ya Mluo, Mkamba kando ya Mnandi, Mnyamwezi kando ya mtu wa Nyasa, na asubuhi wote walipaswa kuelewana. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza kwa marefu na mtu wa kabila jingine bila mzungu kuwa katikati kama mkalimani. Lishikeni jambo hilo, nitalirudia.

Katika Vita Vikuu vya Pili waliingia jeshini karibu laki moja kutoka Kenya peke yake. Waliopelekwa Burma, nchi ya Asia tunayoiita Myanmar leo, walipigana katika misitu ya mvua na malaria, na wapo ambao hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi. Ilizama katika muda mfupi kuliko niliotumia kuwasalimu hapa. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Ukiwa Nairobi, pita Kenyatta Avenue. Wamesimama pale watu watatu wa shaba, wamewekwa hapo tangu miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza, askari na wapagazi. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu mengi, kwa kuhara na homa na kuchoka kuliko kwa risasi, na mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi chao, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Chini ya sanamu kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanamwahidi askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimelizunguka jiwe lile mara nyingi. Jina la askari hata mmoja halipo.

Sasa tuje kwa Kaggia.

Alizaliwa Dagoretti mapema miaka ya 1920, akakulia Makuyu, hapa hapa chini, kwenye shamba la mkonge ambako babake aliajiriwa. Alikuwa mtoto wa kibarua aliyekaa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Alisoma Kahuhia akawa na kichwa chepesi, akapita kwenda shule ya upili ya Alliance, na karo ikamshinda baba. Mnajua shida hiyo. Kila Januari nawaona wazazi hapa wakizunguka na barua ya kujiunga na shule kama wanaomba dawa. Kaggia akawa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya, Fort Hall, mji tunaouita Murang'a leo, na wakati wa vita akajiunga na jeshi.

Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati, na vita vilipokuwa vikiisha likamfikisha Uingereza. Alifika Yerusalemu. Fikirini kijana wa misheni ya Kahuhia, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kuna mji mtakatifu na kwamba mzungu ndiye mwenye ufunguo wake, anakanyaga mawe ya mji huo kwa buti za jeshi. Alirudi bado anamwamini Mungu, ila hakuona tena kwa nini Mungu huyo lazima apitie kwa mmishonari. Alianzisha ibada yake, watu wakaiita Dini ya Kaggia, na alipinga ile tabia ya kumfanya mtu aone jina la babu yake ni dhambi. Sitakaa sana hapo. Ninachotaka mkione ni kwamba kwake kutumikia watu kulianza na jambo la rohoni kabla ya siasa: mtu asione haya kuwa yeye.

Na aliporudi mwaka 1946, alikuta nini?

Alikuta kile ambacho babu yangu alikikuta. Askari mzungu aliyepigana vita vile vile alipewa njia ya kupata shamba katika nyanda za juu. Ilikuwa imefanyika baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, serikali ilipowagawia wazungu waliokuwa wanajeshi mashamba ya Kenya, na baada ya vita vya pili wakafunguliwa tena milango ya mikopo na mashamba. Askari mweusi alipewa nauli ya kurudi kwao, posho yake ya mwisho, na kipande bado kikimsubiri. Kipande, watoto, ni kitambulisho cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mtu aliyekuwa amebeba bunduki ya mfalme alirudi akabeba bati shingoni kama kengele ya mbuzi.

Wazee wengi, na babu yangu mmojawao, walilimeza jambo hilo. Siwalaumu. Alikuwa na watoto wa kulisha. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma, alichukua yale aliyojifunza akaenda nayo msituni, tukamjua kwa jina la Jenerali China, na baada ya uhuru akatumia miaka yake kuwalea vijana katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kaggia alichukua njia ya tatu. Alipata kazi benki Nairobi, kazi ya tai na kalamu, kazi ambayo kwa Mwafrika wa wakati ule ilikuwa kama kuokota almasi. Akaiacha akaenda kuwapanga wafanyakazi.

Hapa ndipo ule usingizi wa kambini, kabila hili kando ya kabila lile, ulipozaa matunda. Nairobi ya wakati ule ilikuwa mji wa makarani, wapishi, madereva wa teksi, wachuuzi na wapagazi wa stesheni. Kila mmoja alikuwa na chama cha watu wa kwao cha kuzikana, lakini mwajiri alikuwa mmoja. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na walipokamatwa mwaka 1950 jiji likagoma. Kaggia alikuwa katika kundi la vijana waliobaki kushika usukani. Alikiongoza chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara. Mwaka 1951 yeye na wenzake wa vyama vya wafanyakazi wakachukua uongozi wa tawi la Nairobi la KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya: Kubai mwenyekiti, Kaggia katibu. Na ile kamati ya siri iliyoendesha kiapo na maandalizi ya mapambano jijini ilijulikana kwa neno la Kiswahili, Muhimu.

Nataka akina mama mlisikie neno katibu kwa uzito wake. Nyinyi mnaendesha vyama vya akiba kila wiki, mnajua. Mwenyekiti hupigiwa makofi. Katibu ndiye anayeandika nani amefika, nani amelipa, nani ana mgonjwa, mkutano ujao ni wapi. Katibu akilala, chama kimekufa. Kaggia alikuwa mtu wa daftari. Ushujaa wake mwingi, kabla ya pingu, ulikuwa wa kuandika majina ya watu na kuyatunza.

Kesho usiku itakuwa imetimia ile tarehe. Oktoba 20, 1952, gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku ule magari ya polisi yakapita nyumba kwa nyumba. Kaggia akabebwa pamoja na wenzake hadi Kapenguria, mahali palipochaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila mtu. Kesi ilisikizwa katika chumba cha shule, mbele ya hakimu Ransley Thacker. Wakili wao mkubwa, D. N. Pritt, alisafiri kutoka Uingereza. Shahidi aliyetegemewa kuliko wote, Rawson Macharia, alikuja kusema miaka michache baadaye kwamba alidanganya. Lakini tarehe 8 Aprili 1953 uongo ulikuwa bado unafanya kazi yake: miaka saba na kazi ngumu.

Wakapelekwa Lokitaung, juu kabisa karibu na ziwa tunaloliita Turkana leo. Kama hujafika kule, chukua joto la Garissa, ongeza upepo wenye mchanga, toa kivuli. Kaggia aliingia akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Alitoka kizuizini mwaka 1961, miaka tisa tangu usiku ule wa Oktoba.

Mwaka 1963 watu wa Kandara walimpeleka bungeni. Akawa katibu wa bunge katika wizara ya elimu, cheo ambacho baadaye tuliita waziri msaidizi. Mtoto aliyekosa Alliance kwa karo sasa ana kiti katika wizara ya elimu. Hapo ndipo hadithi nyingi za mashujaa huishia: bendera imepanda, suti imeshonwa, gari limekuja. Mimi naona hapo ndipo utumishi wake ulipoanza kwa kweli, maana mpaka hapo adui alikuwa mgeni. Kusema ukweli mbele ya mgeni kunahitaji ujasiri. Kuusema mbele ya mtu mliyelala naye gerezani kunahitaji kitu kingine ambacho sijui nikipe jina gani.

Jambo lilikuwa ardhi. Serikali mpya ilikuwa inanunua mashamba ya walowezi kwa fedha za mkopo, katika mpango wa ekari milioni moja, na Mwafrika aliyepewa kipande alipaswa kulipa deni. Kaggia alisimama akauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analielewa: kitu kilichoibwa kwa baba yangu, kwa nini nikinunue? Alisema ardhi iende kwa wasio nayo, bure, na mtu mmoja asirundike mashamba huku jirani yake analala kwenye hifadhi ya barabara. Aliwatetea waliokuwa wakifukuzwa kwenye mashamba walikokuwa wameketi kama maskwota. Mwaka 1964 Rais Kenyatta alimwandikia barua: ama anyamaze, ama aondoke serikalini. Aliondoka. Kiti cha wizara, mshahara na gari vikabaki nyuma.

Wapo watakaoniambia usiku huu kwamba sera yake haingewezekana, kwamba nchi ingevunjika, kwamba wazungu wangekimbia na uchumi ungeanguka. Wasomi wamelijadili hilo na wataendelea. Nawaheshimu. Mimi namkumbuka babu yangu na karatasi yake ya vipande vinne, na kila nikisoma alivyosema Kaggia bungeni nahisi kwamba kulikuwa na mtu mmoja mle ndani aliyekuwa ameiona karatasi ile.

Kisha ukaja mkutano wa Kandara, Aprili 1965. Wazee waliokuwapo wamebaki wachache. Rais alikuja, umati ukajaa, na Kaggia, mbunge wa mahali pale, akiwa hapo hapo mbele ya watu waliomchagua. Rais akamgeukia. Akamkumbusha kwamba walifungwa pamoja na Paul Ngei, na sasa Ngei ana shamba la kahawa. Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Kung'u Karumba anaendesha mabasi. Na baada ya kila jina akamrudishia swali lile lile: Kaggia, wewe umejifanyia nini?

Watu wanasema umati ulicheka. Nami nadhani wengine walicheka kwa hofu, kama tunavyofanya mkubwa akicheka.

Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Nimekuwa mwalimu, mnajua mshahara wa mwalimu, na swali hilo limeulizwa na shemeji zangu mezani kwangu, kwa maneno mengine, tena siku za Krismasi. Linaulizwa kila kijiji. Diwani akimaliza muhula bila kujenga ghorofa tunamwita mjinga. Mzee wa chama cha maji akiweka hesabu safi miaka kumi na bado anatembea kwa miguu, vijana wanamnong'ona. Msidhani nawasema wengine. Hata mimi nimewahi kumwangalia babu na kabuti lake lililochakaa nikajiuliza, moyoni, kwa nini wenzake walipata na yeye hakupata. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikilikumbuka wazo hilo naona haya mpaka leo.

Kaggia hakubadilika baada ya siku ile. Mwaka 1966 alihama KANU, chama tawala, akaingia KPU, chama cha upinzani, akawa makamu wa kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga. Mkikuyu na Mjaluo katika chama kimoja, tena wakati ambapo kila mmoja aliambiwa na watu wa kwao kwamba amewasaliti. Unaona kambi ya Keya inarudi? Katika uchaguzi mdogo wa mwaka ule alikipoteza kiti cha Kandara. Mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru, kwa sababu ya mkutano uliosemekana hauna leseni. Mwaka 1969 alirudi KANU. Akajaribu uchaguzi tena, akashindwa. Akapewa kusimamia bodi ya pamba. Wapo waliosema ameinua mikono. Mimi simhukumu mtu aliyefungwa na serikali mbili kwa kutaka kulala nyumbani kwake. Na hata baada ya kurudi chama tawala hatukusikia kwamba ghafla ana mabasi.

Alichokuwa nacho ni kisiagi.

Hapa, Kandara, mtu wa Kapenguria, aliyekuwa mbunge na makamu wa rais wa chama, alikuwa na kisiagi cha kusaga mahindi, na kwa kisiagi hicho aliendesha maisha yake. Waandishi wa magazeti waliokuja kumtafuta siku za Oktoba walishangaa. Waliandika kwa huruma, kama mtu anayeandika juu ya ajali.

Nataka tuondoe huruma hiyo kidogo. Nani hapa hajawahi kusimama kwenye kisiagi? Mimi nilitumwa kila Jumamosi. Unafika na debe lako kichwani, unapanga foleni na wanawake na watoto. Ndani mtambo unanguruma, mkanda unapiga pap, pap, pap, sakafu inatetemeka chini ya miguu mpaka meno yanahisi. Zamu yako ikifika mahindi yanamwagwa juu kwenye mdomo wa bati, yanashuka, na kule chini kwenye mfuko wa kitambaa unga unatoka wa moto, moto kabisa, unaweka kiganja hapo asubuhi ya baridi. Mwenye kisiagi amekuwa mweupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Anamjua kila mtu. Anajua nani ameleta debe, nani ameleta gorogoro moja, na mama yupi wiki hii hakuja kabisa. Ikiwa ni mtu mwema atauliza, mama fulani yuko wapi? Ikiwa ni mtu mwema sana atasema, chukua unga, utalipa ukiuza kuku.

Mwanasiasa anaona njaa ya watu wake wakati wa kampeni. Mwenye kisiagi anaipima kila siku kwa kilo. Sioni mahali bora zaidi pa kumweka mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiuliza, hawa watakula nini, watalima wapi. Kwa nini tuone ni anguko? Alikuwa karani wa jeshi na wilaya, katibu wa chama, mfungwa, mbunge, na mwishoni mtu ambaye jirani alimpelekea mahindi akarudishiwa unga. Mimi katika orodha hiyo sioni hatua ya kushuka.

Alifariki tarehe 7 Machi 2005. Serikali ilituma rambirambi, magazeti yakatoa kurasa, watu waliokuwa hawajamtembelea wakasema maneno mazuri. Hayo huwa hivyo. Lakini nakumbuka siku ile nilikuwa sokoni, na mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi aliposikia redioni aliacha mizani ikining'inia, akaketi juu ya gunia. Hakulia. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo hakutuuza." Akainuka akaendelea kupima viazi.

Basi nimefika mwisho wa nilichokuwa nacho, lakini kamati isinikasirikie, nimeleta kitu kingine ambacho hakimo kwenye ratiba.

Pale mlangoni, kwenye meza ile yenye kitambaa cha kijani, kuna daftari. Ni la kawaida, la kurasa mia mbili, nimelinunua leo hapo dukani kwa jirani. Nimeligawa kwa mistari: jina, kijiji, alikwenda wapi, alirudi mwaka gani, na aliporudi alifanya kazi gani hapa kwetu. Safu hiyo ya mwisho nimeiacha pana kuliko nyingine zote. Wako waliojenga kwa mikono yao madarasa ambayo watoto hawa wanasomea. Yuko aliyefundisha watu kuchimba makinga-maji kwenye miteremko kwa sababu jeshini alijifunza kuchimba mahandaki. Yuko aliyekuwa akiwaandikia barua wajane wote wa bonde la chini, bila malipo, kwa sababu ndiye aliyejua kusoma. Wengi wao hawatakuwa na barabara inayoitwa kwa majina yao. Wa Burma wanaotajwa Nairobi wametajwa kwa jina la soko.

Wa mwisho wao wamekwisha kutuacha, au wanatuacha mwaka huu. Lakini karatasi bado ziko. Ziko chini ya magodoro, ndani ya Biblia, ndani ya mabati ya chai, katika mifuko ya makabuti. Mwenye nayo aje nayo Jumapili, tutanakili na kumrudishia yake mkononi. Msiikunje tena. Mwenye hana karatasi aje na jina tu.

Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi, kwa kalamu ile iliyofungwa na uzi. Jina la babu yangu nimeliandika kwa tahajia yake sahihi. Mama, wewe uliyeniambia mchana juu ya baba yako na meli, nimekuachia mstari wa pili.